Aushike Nani Upinde? Fidla za Kompyuta na Sanaa ya Kuziimbisha

(Maneno niliyoyasema mbele ya watayarishaji wa muziki na wapigaji wa taarab, Unguja. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nilichopunguza ni vicheko na kuimba kwangu.)

Assalaam alaykum. Wazee wangu wa taarab mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Vijana wa studio, mambo vipi?

Nimeombwa nizungumzie fidla za kompyuta. Naona wazee wengine wameshakunja uso, na wana haki yao. Miaka ya 1990, taarab ya kisasa iliposhika kasi, kinanda kimoja kilikalia viti vya safu nzima, na waliozoea kushika upinde jukwaani wakajikuta wanasikiliza kutoka ukumbini. Sikuja kukitetea kinanda. Nimekuja kwa sababu fidla za sampuli, yaani sauti za fidla zilizorekodiwa na kupigwa kwa kompyuta, zimeshaingia kila studio, kwenye Bongo Fleva, kwenye kwaya, kwenye filamu, na nyingi zinatia aibu. Sauti yenyewe ni nzuri, imerekodiwa London au Vienna na wapigaji waliobobea. Lakini ikipewa melodi, inaisoma kama mtoto anayesoma silabi moja moja.

Kasoro iko kwenye mkono, wala si kwenye sauti. Mpiga kinanda cha aina ya piano akishabonyeza kitufe, uamuzi wake umekwisha. Nguvu ya kidole ndiyo iliyopanga sauti itoke kubwa kiasi gani, na kuanzia hapo inafifia yenyewe. Mpiga fidla kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Upinde ungali juu ya uzi. Aukandamize au auachie? Auharakishe au auvute polepole? Ausogeze karibu na daraja sauti iwe kali, au aupeleke upande wa vidole iwe laini? Anaamua hayo yote noti ikiwa bado inalia, na anaendelea kuamua mpaka inakwisha. Sisi tunaandika melodi ya fidla kwa kibodi, tunampa mpiga fidla maamuzi ya mpiga kinanda, halafu tunalaumu programu. Kwa hiyo yote nitakayosema leo yanatoka mahali pamoja: lazima awepo mtu wa kushika upinde, na ndani ya kompyuta mtu huyo ni wewe.

Watu wamehangaika na jambo hili siku nyingi. Mwaka 1963, huko Birmingham, Uingereza, ilitoka Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe kilivuta utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, zikiwemo fidla. Utepe ulidumu kama sekunde nane tu. Ukishikilia zaidi ya hapo, kimya. Baadaye zikaja sampla za kidijitali, utepe ukageuka kumbukumbu ya kompyuta, sekunde zikaongezeka, lakini msingi ulibaki ule ule: noti moja moja, kila moja imerekodiwa peke yake, ina mwanzo wake na mwisho wake. Hapo ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000 Herb Tucmandl, mpiga selo wa Vienna, na wenzake wa Vienna Symphonic Library wakaamua kurekodi na safari pia. Mpigaji anatoka Re kwenda Mi bila kuinua upinde. Kisha Re kwenda Fa. Re kwenda Sol. Anapanda mpaka oktava, anashuka mpaka oktava, halafu anahamia noti inayofuata na kuanza upya.

Pigeni hesabu ya juujuu. Hatua 12 za kupanda na 12 za kushuka kwa kila noti, na tuseme fidla ina noti 36 tunazozihitaji: tayari umepita safari 800, na hizo ni za kiwango kimoja tu cha nguvu. Ongeza upigaji wa upole na upigaji wa kukaza mkono, ongeza viola, selo na besi. Ndiyo maana maktaba kubwa ya nyuzi, yaani mkusanyo wa sampuli za fidla na jamaa zake, hujaza gigabaiti kwa makumi, na ndiyo maana bei yake inaumiza.

Hiyo ndiyo lejato ya kweli, yaani kuunganisha noti bila kuzikata, na ndilo swali la kwanza la kuuliza kabla hujatoa pesa: safari zimerekodiwa, au programu inaunganisha noti ndefu kwa kuzipitanisha tu, hii ikififia ile ikipanda? Tangazo litakwambia "nyuzi za kifalme", "nyuzi za sinema". Yaache maneno, tafuta neno lejato.

Tuseme unayo. Noti zishikane. Programu inafahamu kwamba unataka safari pale tu unapobonyeza noti ya pili kabla ya kuiachia ya kwanza. Ukiacha mwanya hata mdogo, inadhani umeinua upinde, inaanza noti mpya kabisa. Kwa hiyo mkia wa kila noti uingie kidogo ndani ya inayofuata, isipokuwa pale unapotaka pumzi. Na unapotaka pumzi, basi iwe pumzi inayosikika. Wengi wetu tunaogopa kimya kwenye melodi, tunajaza kila pengo, halafu fidla inaimba dakika tatu bila kuvuta hewa.

Jambo linalowachosha wengi ni ucheleweshaji. Safari ina urefu wake. Kwenye maktaba nyingi huchukua kuanzia kama sehemu ya kumi ya sekunde mpaka robo, hata theluthi ya sekunde, kabla noti unayoingoja haijatua. Tuweke wimbo wa mwendo wa biti 72 kwa dakika. Biti moja ni milisekunde 833. Nusu biti ni 417. Safari ya milisekunde 250 imeshakula zaidi ya nusu ya noti yako. Prodyuza anasikia fidla zimechelewa, anazibana kwenye gridi, ile mistari ya biti kwenye skrini, kwa kwantaizi, yaani kuziamuru noti zikae juu ya mistari, bado zimechelewa, kwa sababu kwenye gridi zilikuwepo tangu mwanzo! Dawa ni kuziondoa kwenye gridi. Noti inayofikiwa kwa lejato ianze mapema kabla ya biti yake, kwa kiasi cha safari, ili itue pale sikio linapoitarajia. Programu nyingi zinakuruhusu kuipa traki nzima ucheleweshaji hasi, yaani kuiwahisha, lakini kumbuka kwamba noti ya kwanza ya kila kifungu haina safari, hivyo itawahi sana usipoirudisha kwa mkono. Na mara nyingi velositi, yaani nguvu ya kubonyeza kitufe, ndiyo inayochagua kama safari iwe ya haraka au ya polepole. Hapo wapiga kinanda hupotea kabisa: wanabonyeza kwa nguvu wakitaka sauti kubwa, kumbe wameagiza safari ya haraka. Ni kazi ya kuchosha, kifungu baada ya kifungu, na sijaona njia ya mkato inayoheshimika.

Sasa upinde wenyewe. Midi, lugha ambayo ala na kompyuta huzungumza, tangu itoke mwaka 1983, ina vidhibiti ambavyo thamani yake huanzia 0 mpaka 127, na viwili vinatuhusu sana. Namba 1 ni lile gurudumu la modulesheni lililo kushoto mwa kibodi. Kwenye maktaba nyingi za nyuzi ndilo linalobadili nguvu ya upigaji: chini unasikia sampuli za wapigaji waliokuwa wanapiga kwa upole, juu unasikia zile walizokaza mkono, na katikati programu inazichanganya. Namba 11, eksipresheni, inapandisha na kushusha ujazo, basi. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosemwa. Fidla ikikazwa, pamoja na kuwa kubwa inakuwa na ukali, uzi unakwaruza, rangi yote inabadilika. Ukichukua fidla ya upole ukaipandisha ujazo, unapata fidla ya upole iliyosogezwa karibu na sikio. Hisia ya kifungu ipite namba 1. Namba 11 iachie kazi ya kusawazisha, na ya kufifisha mwisho, kwa sababu sampuli za upole kabisa nazo zina sakafu yake, haziendi mpaka kimya.

Tuchukue kifungu cha baa mbili. Re na Mi nusu biti kila moja, Fa biti moja, La biti tatu, Sol na Fa nusu biti nusu biti, kisha Mi biti mbili. (Hapa niliimba. Wazee walinisamehe.) Prodyuza wa kwanza anaweka gurudumu kwenye 90 na kuliacha hapo tangu Re mpaka Mi ya mwisho. Wa pili ameambiwa aongeze uhai, basi anachora mlima kwenye kila noti: inafura, inanywea, inafura, inanywea. Huyu wa pili ndiye anayenikera zaidi, kwa sababu amefanya kazi kubwa ya kuharibu. Mwimbaji ana mlima mmoja kwa kifungu kizima, na anajua kilele kiko wapi.

Hapa kilele kiko kwenye La. Nitaanza Re kwenye 45 hivi, nipande taratibu nikipita Mi na Fa, na nikiwa natua kwenye La niwe nimefika 70. Halafu La hiyo ya biti tatu ndiyo penye kazi. Isikae! Noti ndefu iliyokaa ndiyo inayomfichua prodyuza kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa mkono wa mpigaji haukai. La iendelee kufunguka, ifike 85 kwenye biti yake ya pili, kisha ianze kurudi kabla ya Sol kuingia, ili Sol na Fa zianguke zenyewe kwa upinde ule ule. Mi ya mwisho ifike 35, na hapo namba 11 iichukue mpaka kimya. Namba hizi msizinakili. Maktaba yako ina zake, na huenda 85 yako ni 100. Kinachonakiliwa ni umbo.

Na umbo hilo usilichore kwa panya. Lirekodi kwa mkono wimbo ukitembea, mdomo ukiimba. Mstari wa panya umenyooka. Mkono unawahi kidogo, unasita, unajutia, na sikio linajua. Kibodi yako ikiwa haina gurudumu zuri, nunua kifaa kidogo chenye slaida mbili, kidole kimoja namba 1, kingine namba 11. Kwa pesa hizo huna plagini, yaani programu ya nyongeza, itakayokusaidia zaidi ya hapo.

Upinde una urefu, vilevile. Akikaza, mpigaji anaumaliza haraka. Akipiga kwa upole, unamtosha kwa muda mrefu. Ukimwandikia fidla mmoja noti ya nguvu ya biti 16, lazima ageuze upinde njiani, na msikilizaji asiyejua hata jina la ala hiyo ameshalizoea geuzo hilo. Asipolisikia, anashuku. Safu ya watu wengi inaweza kushikilia noti kwa sababu hawageuzi pamoja. Mtu mmoja hawezi. Kwa hiyo kabla hujaandika, kaa na kifungu chako uamue: hapa upinde unashuka, hapa unapanda, hapa ameuinua. Hapa safu ya mbele wapo watu wanaoweza kukuonyesha kwa dakika mbili. Waulizeni.

Vibrato, ule mtetemo wa sauti ya noti, nitaigusa tu. Kama maktaba yako inakupa kidhibiti chake, usiiwashe tangu mwanzo wa noti ndefu. Iingie noti ikishatulia. Na noti zinazorudiwa ziwe na sampuli zinazopokezana, la sivyo kila pigo ni lile lile na sikio linaligundua kwenye pigo la tatu.

Nimefika kwetu. Kuna jambo ambalo maktaba za London na Vienna hazikulifikiria. Katika orkestra ya Ulaya kazi hugawanywa: fidla za kwanza na melodi, za pili chini yake, kisha viola, selo na besi. Safu ya fidla za kwanza katika orkestra kamili huwa na watu 16 hivi, na wanafundishwa miaka mingi wasikike mtu mmoja. Taarab yetu, kuanzia Ikhwani Safaa iliyoundwa mwaka 1905 hadi Culture Musical Club ya mwaka 1958, ilifuata zaidi mkondo wa Misri: fidla, ganuni, udi, nai, wote hushika melodi moja. Ila kila mmoja anaipamba kwa namna yake. Huyu anateleza kuifikia noti. Yule anagusa noti ya jirani kwanza. Wa tatu amechelewa kidogo, na amechelewa kwa makusudi. Ukipiga bashraf, ule muziki wa ala tupu, kwa sampuli ya safu ya watu 16, utapata sauti kubwa, safi, ya sinema, na mzee yeyote wa hapa atakuuliza huu ni muziki wa wapi.

Dawa yake ni kuachana na sampuli za safu. Chukua fidla za mtu mmoja mmoja, tatu au nne, na kila moja uipige upya tangu mwanzo mpaka mwisho. Usinakili traki ya kwanza ukaisogeza milisekunde chache. Sauti ile ile ikijipanda yenyewe inakuwa na uwazi katikati, kama inatoka bombani. Ukiipiga upya, makosa yako ya mara hii hayatafanana na ya mara ile, na hayo ndiyo tunayoyatafuta. Traki moja iwe mtu mtulivu anayepiga melodi tupu. Nyingine iwe ya mtu wa madoido. Ikiwa maktaba yako ina fidla moja tu, kuna ujanja wa zamani: traki ya pili iandike nusutoni juu, kisha sauti yake, si noti ulizoandika, ishushe yote nusutoni. Mara nyingi programu italazimika kuchukua sampuli nyingine, na watu wako wawili hawatakuwa tena mtu mmoja.

Halafu kuna maqam, ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, na Rast ni mojawapo. Katika Rast inayoanzia Do, ile noti ya tatu inakaa kati ya Mi na Mi iliyoshushwa nusutoni, na kibodi haina kitufe hapo. Kidhibiti cha kupinda sauti ndicho kitakachokufikisha. Mara nyingi huwa kimewekwa kipinde nusutoni mbili kila upande, na kila upande una hatua 8192. Robo toni chini ni hatua 2048. Hapo ni pa kuanzia tu. Rast ya Misri na Rast ya Uturuki hazitui mahali pamoja, ya Waturuki iko juu kidogo, na wapigaji wenyewe huisogeza kulingana na wanakotoka na wanakoelekea. Msishindane na kikokotoo. Mwekeni mtu mwenye sikio kando ya spika, mpinde taratibu, na akisema "hapo", andikeni namba. Jihadharini na kitu kimoja: kupinda kunashika traki nzima, hivyo ukipinda mapema, noti iliyotangulia nayo inapindika ikiwa bado inalia. Pinda ndani ya safari.

Ziko tofauti nyingine ambazo hatuna la kuzifanya. Wapigaji wengi wa Kiarabu hufunga nyuzi zao Sol, Re, Sol, Re, wakati sampuli za Ulaya zimerekodiwa kwa Sol, Re, La, Mi. Nyuzi zilizo wazi zinaitikia mahali tofauti, na sanduku la fidla linavuma kwa namna tofauti. Hilo siwezi kulitibu kwa gurudumu lolote, na anayewauzia plagini ya kulitibu muulizeni maswali.

Kwa asiye na pesa: BBC Symphony Orchestra Discover ya Spitfire Audio imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2020, na haijazi diski. Haina lejato, kwa hiyo usiibebeshe melodi ya haraka. Ipe noti ndefu za nyuma na mapigo mafupi, na kama lazima iimbe, iimbe polepole, huku namba 11 ikishuka kidogo pale noti mbili zinapokutana ili mshono usionekane. Rivebu, yaani mwangwi wa ukumbi, nayo huficha mishono, lakini mnaizidisha. Maktaba nyingi zimerekodiwa ndani ya ukumbi tayari. Ukiongeza ukumbi juu ya ukumbi, fidla zinakimbilia nje ya wimbo.

Najua swali linalokuja, kwa sababu nimeliona kwenye macho ya mzee mmoja tangu nianze. Kwa nini tusirekodi fidla za kweli? Turekodini! Fidla moja ya kweli juu ya tatu za sampuli inabadili kila kitu. Sikio linaifuata ile inayokwaruza kikweli, na zile nyingine zinakaa nyuma yake bila kuulizwa maswali. Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha vijana Mji Mkongwe tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo msiniambie hakuna wapigaji. Wapo. Saa moja ya mtu mmoja haizidi bei ya maktaba mnazozinunua mkaziacha. Mlipeni siku ile ile, na jina lake mliandike kwenye kazi, si "nyuzi: kompyuta".

Basi. Kompyuta imewaka, na fidla mbili ziko hapa mezani pamoja na wenyewe. Tutaanza na kile kifungu cha baa mbili: kwanza gurudumu likiwa limekaa kwenye 90, halafu kijana mmoja aje alishike akiwa anaimba, halafu tutaongeza fidla ya kweli juu yake na mseme wenyewe mnasikia nini. Aliye karibu na swichi atuzimie feni, maikrofoni inaisikia.